Bwana Mifugo na Mji Wake wa Ukuta

Ukitaka kumwona Bwana Mifugo amekasirika, simama mahali. Popote pale.

"Toa mguu! Umesimama sebuleni kwa watu!"

Ungetazama chini usione sebule wala watu. Ungeona vumbi jekundu, mbigili na vinyesi vya mbuzi. Lakini mguu ungeutoa, kwa sababu sauti ile ilikuwa imezoea kuamrisha mafahali. Nimewaona wanafunzi wa chuo kutoka Dodoma wakiutoa. Nimemwona mchungaji wa kanisa akiutoa, kisha akaomba radhi kwa mtu asiyeonekana. Mbuzi tu ndio waliokataa, na wao hakuwagombeza. Mbuzi, alisema, wamezaliwa humu, wana haki ya sebule.

Jina lake nililisikia mara moja tu, likisomwa mkutanoni, na watu wote waligeuka kuangalia nani huyo anayeitwa. Kijiji kizima kilimwita Bwana Mifugo kwa sababu ndiyo kazi iliyomleta: kuchanja ng'ombe, kusimamia josho, kuwaambia watu mambo ya kupe ambayo walikuwa wanayajua. Josho likapasuka, yeye akastaafu, lakini hakuondoka. Alikuwa ameoa hapo. Na alikuwa ameshagundua mji.

Huo mji niueleze kwanza, maana bila huo mtu mwenyewe haeleweki. Kijiji kiko upande wa Mpwapwa, mwendo wa bodaboda kutoka pale mabasi yanapogeuzia. Nyuma ya nyumba za ukoo wa mkewe kuna tuta la udongo na mawe linalozunguka uwanja mpana. Upande mmoja wa tuta hilo kimebaki kipande cha ukuta kilichosimama, kirefu kunizidi, kinene kiasi kwamba mtu anaweza kulala juu yake akajigeuza. Zamani za misafara watu walijenga tembe zao zikashikana ubavu kwa ubavu, chini ya paa moja la udongo. Migongo ya nyumba ikawa ukuta kwa nje, ng'ombe na watu wakabaki ndani. Msafara ukitoka pwani na vitambaa, au ukitoka bara na pembe za ndovu, ulisimama nje ya ukuta ukalipia maji na njia ndipo ukapita. Hayo ni ya kweli, hata mkewe anayakubali. Yaliyobaki yote ni ya Bwana Mifugo.

Mimi nilifika pale kwa sababu ya difu. Nilikuwa utingo wa lori la alizeti, difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, likafa, dereva akapanda basi kwenda Dodoma kutafuta jingine, nikaachwa nilinde mzigo. Mtu anayelinda alizeti hana kazi nyingi, na mimi nimeumbwa na maradhi ya kutaka kujua. Shule niliiacha darasa la sita, baada ya mwalimu kuchoka na maswali yangu na mimi kuchoka na fimbo yake. Basi nikiwa nimekaa kivulini chini ya lori, yakaja mabuti ya mpira. Juu ya mabuti kulikuwa na suruali ya kaki yenye mifuko mingi, na juu ya suruali, uso wa mtu aliyeudhiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeegesha lori juu ya soko."

"Soko gani, mzee?"

"La pembe."

"Sioni soko."

"Utalionaje na wewe umelifunika kwa lori?"

Nilitoka chini ya lori. Hadi dereva anarudi na difu nilikuwa nimeonyeshwa mji wote, na nilipoondoka nilijua nitarudi. Nimerudi mara nyingi kuliko nilivyorudi kwetu. Nimerudi nikifyatua matofali, nimerudi nikiuza viatu vya mitumba kwenye magulio, nimerudi na watu wa kuchimba visima. Na kila niliporudi alinitembeza upya toka mwanzo, kana kwamba mji ungekuwa umebadilika. Kweli ulikuwa umebadilika. Alikuwa anaubadilisha yeye.

Chukua lango. Mara ya kwanza lango kuu lilikuwa mashariki, ili jua la asubuhi liwapige usoni wageni na walinzi wawaone vizuri. Mara ya pili lilikuwa kusini. Nilipouliza, alinitazama kwa huruma.

"Kijana, mji una milango mingapi?"

"Sijui, mzee."

"Basi kama hujui, unashangaa nini?"

Ukubwa wa mji nao ulitegemea mgeni. Wanafunzi wakija, mji ulienea hadi mtoni. Akija mtu mwenye tepu ya kupimia, mji ulirudi nyuma mpaka kwenye tuta, ukatulia. Aliwahi kuja mzungu mmoja mwenye mashine ya kupigia picha kutoka angani, na siku hiyo mji ulikuwa mdogo kuliko siku zote, na Bwana Mifugo alikuwa na adabu ambayo sikuwahi kuiona.

Mnara wa mlinzi ulikuwa kichuguu. Hilo lazima niliseme wazi, maana watu wamepiga picha mbele yake na kuzituma mbali. Kilikuwa kichuguu kikubwa, chenye ncha, na mchwa wake walikuwa hai. Bwana Mifugo alieleza jinsi mlinzi alivyopanda juu kutazama vumbi la misafara, na alipoeleza hivyo alikuwa anakung'uta mchwa kwenye mkono wa shati bila kukatisha sentensi.

"Mzee, hawa si mchwa?"

"Walihamia baadaye."

Ujuzi wake wote ulikuwa wa ng'ombe, na mji aliutibu kama ng'ombe. Kwenye mfuko wa shati alitembea na kipimajoto cha kazini, kile ambacho hapa sitaeleza ng'ombe huwekewa wapi. Alipofika kwenye ukuta aliupiga kwa kiganja, akaweka sikio, akasubiri. "Upande huu una afya," angesema. Au: "Hapa amekonda. Hapa mbavu zinaonekana." Zilikuwa fito zilizochomoza mahali mvua ilipokula udongo. Alizipapasa moja moja, na nilipomwangalia nilikuwa na uhakika kwamba angekuwa na dawa ya sindano angeuchoma ukuta.

Pale langoni, likiwa mashariki au kusini, alikuwa na igizo lake. Wageni aliwasimamisha mstari mmoja. Yeye alipita upande wa pili wa tuta, akapanua miguu, akageuka kuwa bawabu wa mtemi.

"Nani nyie?"

Wageni wakacheka.

"Msicheke! Msafara unaocheka unalala nje. Mmebeba nini?"

"Tumebeba simu, mzee. Na maji ya chupa."

"Simu hazinywewi. Leteni maji."

Naye akayanywa, taratibu, mpaka nusu chupa, akairudisha, akasema njia iko wazi. Nilimwambia mara moja kwamba bawabu wa zamani alikuwa anauza maji, hakuwa anayanywa ya wageni. Alijibu kwamba nyakati zimebadilika, sasa maji yapo kwa wageni.

Mtu aliyemkatisha tamaa kuliko wote alikuwa mkewe. Mama huyu ni mzaliwa wa pale, na uwanja ule ni wa ukoo wake tangu hapo. Kwake yeye mji ule uliitwa zizi. Ng'ombe wa babu yake walilala humo, wa baba yake wakalala humo, na ng'ombe wake mwenyewe, wachache lakini wakali, wanalala kwenye kona ya ule ukuta mpaka leo. Wageni walipokuwa wanatembezwa yeye alikaa mlangoni kwake akichambua mlenda, na sauti yake ilifika kote.

"Hapa," angesema Bwana Mifugo, "ndipo lilipokuwa baraza la mtemi."

"Hapo ndipo alipofia yule ndama mwekundu," angesema mkewe.

"Baraza la mtemi! Wazee walikaa hapa, msemaji akasimama pale…"

"Pale ni shimo la jivu."

"Mama, nina wageni."

"Wageni wako nimewaona. Waambie ukweli kidogo na wao wapumzike."

Siku moja nilimuuliza mama huyu kama anaamini kwamba palikuwa na mji. Aliendelea kuchambua mlenda. "Watu waliishi hapa," alisema. "Sasa mji ni nini kingine? Lakini huyu anataka uwe na mnara."

Kijijini walimtania bila kupumzika. Yeye ni mtu wa Kondoa, na waliona ni kichekesho kwamba mtu wa Kondoa ndiye anayewaonyesha kwao. Kwenye kibanda cha chai alipotokea tu, mtu angeinuka haraka kwenye benchi na kujikung'uta. "Samahani Bwana Mifugo, sikujua kama nimekalia kaburi la mtemi." Yeye angejibu, bila kutabasamu, kwamba mtemi hakuzikwa mahali penye chai mbaya namna ile. Watani zake walimpenda. Aliwahi kukesha na ng'ombe zao wote, na mtu aliyekutolea ndama kwa mkono wake wakati umeshakata tamaa, unamtania lakini hukosi kumwamkia.

Nilifahamiana naye miaka mingi kabla sijajua kwa nini anahangaika. Nilidhani ni upweke wa mtu aliyestaafu. Siku hiyo tulikuwa tunatembea kutoka barabarani, mimi nimebeba kiroba chake cha pumba, akaniambia bila kuulizwa. Alipoanza kazi pale alikuwa anaenda ofisi za mjini kuomba chanjo, na kila ofisi aliyoingia walimuuliza swali moja. Huko kuna nini? Ng'ombe wakifa, aliandika. Wakamuuliza, huko kuna nini? Josho lilipopasuka, aliomba saruji. Huko kuna nini?

"Nilikuwa sina jibu," alisema. "Nasimama mbele ya meza na kofia mkononi, sina jibu. Ningesema kuna watu, wangecheka. Sasa nina jibu. Huko kuna mji wenye ukuta."

Tukaendelea kutembea. Nilipokuwa nahamishia kiroba bega la pili akaongeza, "Na mnara," kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu.

Sasa nije kwenye greda.

Barabara yetu ilipata mkandarasi. Ilikuwa furaha kubwa, maana mvua ikinyesha wagonjwa walibebwa kwa kitanda mpaka lami. Lakini barabara hutaka udongo wa kujazia, na mkandarasi alitembea pembeni akitafuta udongo wenye mawe, akaliona tuta. Tuta lilikuwa zuri mno. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mpole asiyependa ugomvi, akakubali. Alimwendea Bwana Mifugo mwenyewe kumweleza, na nilikuwepo.

"Bwana Mifugo, ni tuta tu."

"Ni ukuta wa mji."

"Ni ukuta uliolala. Sisi tunataka barabara. Au unataka wajawazito waendelee kubebwa kwa vitanda?"

"Udongo uko hata kule mlimani."

"Mlimani ni mbali, mkandarasi hataki. Nipe sababu. Niletee mtu wa serikali aseme hili ni gofu la kale, mimi mwenyewe nitalisimamisha greda kwa kifua changu." Akakigonga kifua chake, na kweli kilikuwa kifua cha kuweza kusimamisha kitu.

Hapo ndipo nilipomwona Bwana Mifugo akiogopa. Aliacha kufoka. Wiki zile ungeweza kusimama sebuleni kwa mtemi ukala muhindi, asikuone. Alienda Dodoma, akarudi, akaenda tena. Alikaa kwenye mabenchi ya ofisi mpaka walinzi wakaanza kumwamkia kama mfanyakazi. Mwisho akapata ahadi: atakuja afisa wa mambo ya kale, ataangalia, ataandika. Akiandika kwamba ni gofu la kale, tuta linabaki. Asipoandika, greda linaingia kesho yake. Greda lenyewe lilikuwa limeshaegeshwa pale shuleni, na lilikuwa la njano, na watu walikuwa wanaliangalia kama harusi.

Jioni kabla ya afisa kuja, Bwana Mifugo alikusanya wanawake wa ukoo wa mkewe. Hotuba yake ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kutoa. "Kesho anakuja mgeni mkubwa kuuangalia ukuta. Naomba msinitie aibu." Basi. Asubuhi mapema mimi na yeye tukapanda bodaboda kwenda kumpokea mgeni kwenye basi. Alikuwa amevaa koti lake la harusi na mabuti yaleyale.

Afisa alikuwa binti mdogo mwenye miwani na begi la mgongoni, mpole, aliyemwamkia Bwana Mifugo vizuri na kumsikiliza na kumuuliza maswali pale kwenye basi mpaka pikipiki zikawashwa. Yeye na dereva wake walitangulia, sisi tukafuata. Bwana Mifugo alikuwa akinipigia kelele sikioni: "Umemwona anavyouliza? Huyu anajua! Huyu ni mwanamke wa magofu!"

Tulipofika tulikuta watu wamejaa, Mwenyekiti katikati yao, na wote wanatabasamu.

Wasomaji wangu wa kwetu wameshaelewa. Kwa wengine, ngoja niseme. Pande zetu mgeni akija kuona nyumba yako, nyumba inakandikwa. Hakuna anayeambiwa. Unachanganya udongo na samadi mbichi, unapaka ukuta kwa kiganja mpaka unang'aa, unamalizia na urembo wa majivu. Kumkaribisha mgeni kwenye ukuta uliochunika ni kama kumfungulia mlango ukiwa umejifunga taulo. Na hawa wanawake walikuwa wameambiwa kwamba mgeni anakuja kuuona ukuta wenyewe, tena mgeni mkubwa.

Walikuwa wameanza kazi kabla hatujafika hata barabarani. Ukuta wa mji wa kale ulikuwa mpya kama mkate. Ulikuwa laini, mwekundu, bado unatoa mvuke. Mbavu zote zilikuwa zimefunikwa. Juu walichora mistari ya majivu meupe, ya kwenda na kurudi, mizuri sana, na katikati, kwa chaki ya shule, mtu alikuwa ameandika KARIBU MGENI WETU.

Bwana Mifugo alishuka kwenye pikipiki akabaki ameshika kiti.

Mkewe akatoka mbele, mikono ikiwa na udongo mpaka kwenye viwiko, anaona fahari. "Karibu mwanangu. Usiuegemee, utachafua gauni."

Afisa alisogea, akavua miwani, akaivaa tena. "Mama, ukuta huu mmeukandika lini?"

"Asubuhi hii."

"Na kabla ya hapo?"

"Mwaka jana kabla ya mvua. Na mwaka juzi. Na mama yangu kabla yangu, na mama yake. Ukuta usipokandikwa si unaanguka? Hamfundishwi?"

Bwana Mifugo alifungua mdomo. "Mama. Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Mbona sijawahi kuona?"

"Utaonaje? Sisi tukiwa tunakandika, wewe uko kule kwenye kichuguu unawaonyesha watu mnara."

Watu wakacheka, lakini siyo kwa ubaya. Afisa akaomba kisu, akachokonoa pembeni mahali pamoja padogo. Chini ya udongo mpya kulikuwa na udongo mwingine, na chini ya huo mwingine, tabaka juu ya tabaka, kama chapati ya kusukuma ukiipasua. Alichokonoa mpaka kisu kikaishia kwenye mpini na hakufika kwenye ukuta wenyewe. Akasimama.

"Mzee," alimwambia Bwana Mifugo, na alisema kwa upole, kama daktari. "Mimi natafuta magofu. Gofu ni nyumba iliyoachwa. Hii hamkuiacha. Mnaitumia, mnaikandika, ng'ombe wanalala. Siwezi kuandika kwamba ni gofu. Nikipeleka picha za ukuta huu ofisini, na hiyo KARIBU MGENI WETU, watanicheka."

"Basi njoo uone mnara," alisema Bwana Mifugo.

Akamshika mkono, akampeleka haraka mpaka kwenye kichuguu. Sote tukafuata. Afisa akakiangalia kichuguu. Mchwa wakatoka kumwangalia afisa. Bwana Mifugo alitoa kile kipimajoto mfukoni akakikung'uta, akakitazama, akakikung'uta tena. Koti la harusi lilikuwa limempwaya. Niligundua kwamba alikuwa mzee.

Mwenyekiti akakohoa. "Basi ndugu zangu, serikali imesema. Bwana Mifugo, pole. Kesho greda lipite."

"Lipite wapi?" aliuliza mkewe.

"Hapa, mama."

"Juu ya nyumba yangu?"

"Nyumba gani? Hili si zizi? Wewe mwenyewe umeliita zizi miaka yote, kijiji kizima kimekusikia."

"Lilikuwa zizi jana." Alikuwa anafuta udongo mikononi, polepole, kidole kwa kidole. "Huyu binti amesema kuna watu wanatumia. Kama kuna watu, ni nyumba. Tunahamia."

"Nani anahamia?"

"Mimi na mzee wangu."

"Lini?"

"Godoro linakuja."

Mwenyekiti alicheka. Kisha akageuka, na sisi sote tukageuka, na godoro lilikuwa linakuja kweli. Dada zake wawili walikuwa wamelibeba kichwani, na nyuma yao mtu alikuja na sufuria, na mwingine na kiti cha Bwana Mifugo kile cha kamba. Sijui aliwapa ishara saa ngapi. Kubomoa makazi ya mtu kunataka mkutano wa kijiji kizima, na Mwenyekiti alijua kama sisi wote tulivyojua kwamba nusu ya kijiji ni ukoo wa mama huyu na nusu nyingine wameoa humo.

"Mama," alisema Mwenyekiti, "barabara je?"

"Barabara tunaitaka. Mwambie mkandarasi udongo uko mlimani. Dizeli si ananunua yeye?"

Afisa aliandika kitu kifupi kwenye simu yake, akaomba kupiga picha moja na mama, na akala ugali wa uwele na mlenda kabla ya kuondoka. Bwana Mifugo hakula. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba, kilichowekwa ndani ya mji, akiwatazama shemeji zake wakipitisha godoro kwenye kona ya ng'ombe. Nilimsogelea nimwambie hongera. "Wameniwekea kitanda kwenye zizi," alisema. Hakuwa amefurahi hata kidogo.

Mkandarasi alichukua udongo mlimani, akinung'unika. Mimi niliondoka kwenda msimu wa zabibu, kutoka hapo nikapata kibarua Msalato kwenye uwanja wa ndege, na maisha yakanizungusha. Niliporudi, nilirudi kwa barabara nzuri, na dereva wa bodaboda hakujua hata kama iliwahi kuwa mbaya.

Nilitegemea kukuta wamerudi kwenye nyumba yao ya bati. Hawakuwa wamerudi. Ubavuni mwa ukuta kulikuwa na tembe mpya, paa la udongo, mlango wa mbao, na pembeni yake nyingine imeanza kupanda, ya mtoto wa dada wa mkewe aliyeoa juzi. Ukuta ulikuwa umekandikwa. Bwana Mifugo alikuwa juu ya ngazi, mabuti miguuni, akipaka udongo kwa kiganja, na mkewe chini anamsimamia.

"Hapo umeruka."

"Sijaruka."

"Umeruka. Rudi kushoto."

Nilimwamkia. Aliniitikia bila kugeuka, akaniambia nisisimame hapo, ni njia ya ng'ombe. Nikasogea. Nikamuuliza kuhusu mtemi, na baraza, na soko la pembe, nikitaka tu kusikia. Alisema hana muda, mvua zinakaribia na upande wa kaskazini wote bado. Mkewe alipoingia ndani kupika naye akashuka, nikamuuliza lango siku hizi liko wapi. Akanionyesha mlango wa mbao kwa kidole chenye udongo.

Wakati ule ule wakafika wanafunzi, kikundi kidogo kutoka chuo, na mwalimu wao kijana aliyevaa kofia. Walikuwa wamesikia mahali kwamba kuna mji wa zamani. Mwalimu akaamkia vizuri, akasema wamekuja kuona magofu.

"Magofu hakuna," alisema Bwana Mifugo.

"Tumeambiwa ni hapa, mzee. Mji wa kale wenye ukuta."

"Mji ndio huu. Ukuta ndio huu, msiuguse, mbichi."

Wanafunzi wakautazama ukuta, wakatazama kuku, wakatazama kanga zilizoanikwa. Binti mmoja, mwenye kuuliza kama nilivyokuwa mimi, akainua mkono kama yuko darasani. "Babu, samahani. Mji huu uliisha lini?"

Niliona shingo ya Bwana Mifugo ikivimba. Ilikuwa sauti ileile ya mafahali, na kunguru waliruka juu ya paa.

"Uliisha? Umeisha vipi, na mke wangu yuko ndani anapika?"

Kutoka ndani, nyuma ya ukuta, ikaja sauti nyingine, isiyo na haraka:

"Wako wangapi hao? Niongeze unga?"